Mpiga Saksafoni wa Masese Jazz

Walukuba, Jinja
9 Februari 2025

Dada Orpah,

Salamu kutoka huku kwetu. Natumai unaamka vizuri, goti limepoa, na dagaa wako wanapata wanunuzi hapo sokoni Mbale, maana huku Masese wanasema dagaa hiyo, mukene, imekuwa ghali. Mimi ni mzima, ila kikohozi cha vumbi la dukani hakijaniachia. Jitendra, tajiri yangu, anakusalimu. Anauliza lini utakuja kumtengenezea ile samaki ya pilipili.

Naandika kwa sababu simu zetu unajua zinavyoisha. Mimi napandisha sauti, wewe unakata. Kwenye karatasi itabidi unisikilize mpaka mwisho. Barua nampa Mubaraka, kondakta wa basi, na nimemwambia asiondoke kwako bila jibu.

Jambo lenyewe ni hili. Kuna bwana wa Kampala anaitwa Yekosofati, anazunguka nchi nzima akikusanya muziki wa bendi za zamani. Anachukua santuri, anaipiga, anaiingiza kwenye kompyuta ili isipotee. Atafika Jinja tarehe kumi na tano Machi. Ana pia makaratasi ya studio ya Nairobi yenye majina ya wapigaji wote, na anataka kila mtu aandikwe mahali pake.

Nina santuri mia tatu na kumi na mbili, dada. Zote jazz, na karibu zote zina saksafoni ndani. Kila Jumamosi duka likifungwa, mimi na Jitendra tunakaa kwenye mashine yake huko stoo tunasikiliza mpaka chai inapoa. Watu wananiuliza Mjaluo wa Walukuba anatafuta nini kwa Wamarekani. Wewe unajua ninatafuta nini. Ile santuri moja ambayo ningezitoa zote hizi kwa ajili yake iko kwenye sanduku lako la bati.

Nilikuwa na miaka saba. Jirani yetu wa Namakwekwe aliipiga kwenye mashine yake, santuri ndogo ya bendi ya Masese Jazz, saksafoni ikaingia, ukanishika bega ukasema, "Huyo ni baba." Mara moja tu. Baba alikufa nikiwa na miaka miwili, na sina kitu chake kingine. Nilipokuwa napanga chumba kimoja ulikataa kunipa, ukasema nitaipoteza. Nilikubali. Sasa nina nyumba, na mlango una makufuli mawili. Nataka jina la baba, Okoth, liandikwe kwenye kompyuta ya huyu bwana, na nataka nimsikie tena kabla na mimi sijazeeka.

Ifute vumbi kidogo, uifunge kwa kitambaa, umpe Mubaraka.

Mdogo wako,
Otiende


Namakwekwe, Mbale
20 Februari 2025

Otiende wangu,

Barua yako nimeisoma na miwani ya jirani, yangu imevunjika mkono. Nashukuru Mungu u mzima. Kikohozi hicho kunywa tangawizi na asali, usikimbilie vidonge. Goti langu linajua mvua kuliko redio. Mjukuu amepita mtihani wake, ametuletea sifa.

Kuhusu santuri, ufunguo wa sanduku siuoni. Nimeutafuta kwenye mkebe wa sukari, chini ya godoro, hata kwenye mfuko wa koti la marehemu mume wangu. Nitaendelea kutafuta.

Lakini niulize, huyo Yekosofati majina anayatakia nini? Watu wenyewe wamekufa. Muziki si unasikilizwa tu? Mwambie apige hizo zingine mia tatu, zinamtosha.

Ninakutumia mukene ya kikombe kimoja. Ipepete kwanza, ina mchanga.

Dada yako,
Orpah


Walukuba, Jinja
26 Februari 2025

Dada,

Asante kwa mukene. Nimeshukuru, nimekula, na bado nimekasirika.

Sanduku la bati linafunguliwa kwa nyundo na bisibisi. Mimi nauza nyundo na bisibisi. Nimempa Mubaraka zote mbili, ziko kwenye mfuko wa bluu. Kama huwezi, fundi yeyote wa baiskeli hapo kwenu atalifungua kabla hujamaliza kumsalimia.

Zimebaki siku kumi na saba.

Otiende


Namakwekwe, Mbale
8 Machi 2025

Mdogo wangu,

Habari za huko? Sisi hapa tu wazima, tunamshukuru Mungu kwa hilo. Nyundo imefika. Ni nyundo nzuri, imenisaidia kupigilia kitanda.

Ufunguo ulionekana, usinipigie kelele. Lakini nimepata msiba Busia upande wa shemeji zako, na siwezi kuondoka hapa nikaacha sanduku wazi, wala siwezi kumkabidhi Mubaraka kitu cha baba nikiwa sipo. Nikirudi tutaongea. Mambo ya waliokufa hayana haraka, Otiende. Baba amekaa kimya karibu miaka hamsini, hawezi kushindwa wiki mbili.

Msalimu Jitendra.

Dada yako,
Orpah


Walukuba, Jinja
24 Machi 2025

Dada Orpah,

Nakusalimu kwa sababu ndivyo tulivyofundishwa. Natumai msiba wa Busia umekwisha salama, kama ulikuwepo.

Bwana Yekosofati alikuja tarehe kumi na tano, kama alivyosema. Mtu mpole, ana mkoba wa nyaya na daftari. Jitendra alifunga duka mapema, akaagiza sambusa. Nikakaa pale kama bwana harusi aliyekimbiwa. Nilimwambia santuri imechelewa njiani. Akasema si kitu, akafungua makaratasi yake anionyeshe majina ya Masese Jazz. Gitaa, watu watatu. Ngoma, mmoja. Sauti, wawili. Saksafoni: Bogere.

Nikasoma tena. Bogere. Okoth hayupo kwenye saksafoni wala mahali pengine popote.

Nilimwambia karatasi yake ni ya uongo. Akasema kwa upole kwamba iliandikwa siku ileile ya kurekodi, na kwamba wajukuu wa huyo Bogere wako Iganga na wana picha yake akiwa na saksafoni shingoni. Nikamwambia hata mimi naweza kupiga picha nikiwa na saksafoni shingoni. Nikamwambia amekuja kuiba marehemu wa watu. Nilisema mengine pia, dada, ambayo sitayaandika. Nilimfungulia mlango, akakusanya nyaya zake akaondoka, sambusa hakugusa. Jitendra hajanisemesha vizuri mpaka leo.

Jumamosi iliyofuata nikapanda basi mwenyewe kuja Mbale. Nimefika kwako saa tano, kufuli mlangoni. Nimegonga nusu saa kwa sababu sikuamini. Jirani yako akatoka na mtoto mgongoni akasema, "Mama alifunga, alienda. Rudi tu, afande." Afande, mimi, na viatu vyangu vya Jumapili. Nimekaa kwenye ngazi yako, nimekula chapati ya barabarani, nimerudi Jinja. Siku nzima nimeipoteza hivyo.

Kwa nini unanifanyia hivi? Nimekukosea nini? Umenilea, hilo sijalikana. Ulinibeba ukiwa bado mtoto mwenyewe. Lakini kile ni kitu kimoja tu ninachokuomba. Mtu wa Kampala anasema baba yangu hakuwepo, na anayeweza kumjibu ni hiyo santuri. Nikisikia pumzi yake mara moja nitaijua. Itoe.

Otiende


Namakwekwe, Mbale
6 Aprili 2025

Mdogo wangu Otiende,

Natumai kikohozi kimepungua. Huku mvua imeanza.

Kifurushi anachokupa Mubaraka ndicho ulichotaka. Ukikifungua, kaa kwanza.

Uliniambia niifute vumbi. Niliona vumbi limeshika, nikaiosha kwa sabuni na maji ya moto kidogo, kama tunavyoosha vyombo. Nikaiweka kichanjani pamoja na masahani ikauke, nikaenda kwenye maombi. Maombi yalirefuka. Niliporudi ilikuwa imejikunja kama chapati iliyoachwa kwenye kikaango.

Nisamehe. Mimi si mtu wa vitu hivi.

Dada yako,
Orpah


Walukuba, Jinja
9 Aprili 2025

Orpah,

Sikuulizi hali.

Nimeiweka juu ya meza. Upande mmoja umeinuka kimo cha kidole. Jitendra ameishika kwa ncha za vidole, akaigeuza, akasema pole kama watu wanavyosema pole mbele ya jeneza.

Nilikaa na barua yako siku mbili. Nimejaribu kuiamini. Mtu mwingine akiniambia ameisahau juani ningemwamini, hata angekuwa mwalimu au askofu. Lakini wewe umeanika mukene miaka thelathini. Unajua jua la Mbale la saa nne na la saa saba kama mimi ninavyojua misumari. Wewe ukiona wingu dogo tu juu ya mlima Nkokonjeru unakunja turubai. Wewe huwezi kusahau kitu juani. Sijui ulifanya nini wala kwa nini, na nimechoka kukisia.

Sasa ninataka jambo moja, ukilifanya sitakusumbua tena. Katika watu wa nyumba yetu waliomjua baba, umebaki wewe peke yako. Ndani ya bahasha kuna karatasi nimeiandika. Inasema hivi: "Mimi Orpah, binti wa kwanza wa Okoth, nashuhudia kwamba baba yangu ndiye aliyepiga saksafoni katika santuri ya Masese Jazz, na si Bogere." Weka sahihi. Kabla sijamfungulia mlango, Yekosofati alisema akipata ushahidi wa familia atabadilisha orodha. Jina la Bogere litoke, la baba liingie. Santuri umeiua, basi nipe hata jina.

Otiende


Namakwekwe, Mbale
18 Mei 2025

Otiende, mdogo wangu,

Najua wiki tano ni nyingi. Mubaraka amepita hapa kila Ijumaa, na kila Ijumaa nimemwambia bado. Karatasi yako nimeikunja na kuikunjua mpaka imeanza kukatika katikati. Jumapili iliyopita niliibeba kanisani ndani ya Biblia, nikarudi nayo. Siwezi kuweka sahihi. Huyo Bogere ana wajukuu, na saksafoni ilikuwa yake.

Baba alikuwa dereva wa bendi. Aliendesha gari lao, akabeba vyombo vyao, akalala ndani ya gari ili visiibiwe. Saksafoni hakuwahi kuipuliza. Nisamehe, nimeliandika haraka kabla mkono haujakataa.

Siku ile ya santuri ulikuwa umerudi kutoka shule unalia. Vijana walikuwa wamekuambia baba yako alikuwa hamali wa kubebea watu ngoma. Hukula. Jirani akaipiga ile santuri kutufurahisha, saksafoni ikaanza, ukanyamaza ghafla. Ukaniuliza, "Ni nani huyo?" Mimi nilikuwa na miaka kumi na saba, Otiende. Mama alikuwa kitandani, wewe ulikuwa mgongoni kwangu tangu nilipoacha shule, na hiyo ndiyo mara ya kwanza siku hiyo ulikuwa umeacha kulia. Nikasema ni baba. Nilidhani utasahau kufikia Jumatatu. Jumatatu ukaniuliza chombo kile kinaitwaje.

Basi kila mwaka ikawa ngumu zaidi. Ulianza kununua santuri ukiwa huna hata kiti. Ulikuwa unanipigia simu kuniambia umepata saksafoni ya Afrika Kusini, saksafoni ya Chicago, na mimi nasema vizuri, vizuri. Ningekuambia lini? Ukiwa na santuri hamsini? Ukiwa na mia? Ulipoandika kuhusu mtu mwenye majina, nilijua mwisho umefika.

Msiba wa Busia haukuwepo. Siku uliyokuja nilikuwa ndani. Nilikuona ukija kwa mbali, nikamwomba jirani afunge kufuli kwa nje. Nilikaa juu ya sanduku nikakusikia unagonga, nikakusikia unakaa kwenye ngazi, nikasikia hata karatasi ya chapati. Nilikuwa nimeumia kuliko wewe, ila najua hilo halikusaidii.

Na jua, umesema kweli. Niliiosha nikaiweka kichanjani saa sita na nusu, nikasimama mlangoni nikaiangalia ikiinama. Hakukuwa na maombi. Niliona heri uniite mzembe maisha yangu yote kuliko uniite mwongo.

Lakini kuna jambo sikuwahi kukuambia kwa sababu uongo wangu ulilifunika, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Baba yumo mle. Siku ya kurekodi huko Nairobi, kijana wao mmoja alipotelea mjini. Wakamwita dereva aingie. Wakampa chupa ya soda na msumari, wakamwambia agonge mpaka wamwambie aache. Alirudi nyumbani akatuonyesha kwenye chupa ya mafuta ya taa namna alivyogonga, mama akacheka mpaka akashika ukuta. Kwa kuwa hakuwa mwanabendi, karatasi haikumwandika. Kama ningekuambia hivyo siku ile, ungekuwa umemsikia kweli.

Sina la kujitetea. Ukitaka kunyamaza, nyamaza. Ila kula, na kikohozi hicho nenda kakipime.

Dada yako,
Orpah


Walukuba, Jinja
3 Agosti 2025

Dada Orpah,

Natumai u mzima. Mubaraka ameniambia unatembea na fimbo sasa. Kikohozi nimekipima, ni vumbi tu, wamenipa dawa ya kuvuta.

Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa nimekasirika, na bado. Nisikufiche. Kuna siku mwezi wa sita nilizitoa santuri zote rafuni nikataka kuziuza kwa uzito kama vyuma chakavu. Miaka arobaini na minne nimekuwa nikisikiliza saksafoni za watu. Nimezijua pumzi za wanaume waliokufa ng'ambo, nani anavuta puani, nani anameza mate kabla ya noti ndefu. Wakati huo wote sikuwahi kusikiliza chupa hata moja. Ungeniambia chupa, ningetafuta chupa. Hilo nitakulaumu nalo mpaka tuzikwe, na utanivumilia.

Nimemwandikia Bwana Yekosofati kumwomba radhi, na kumwambia Bogere abaki mahali pake. Alijibu kwa neno moja: "Sawa." Ni haki yake. Baadaye akaongeza kwamba ushahidi wa familia bado anaupokea. Karatasi nimeiandika upya, iko ndani ya bahasha. Safari hii isome, uone kama mkono utakataa.

Sasa santuri. Jitendra ndiye aliyesema tusiitupe. Tumeiweka katikati ya vioo viwili vya dirisha, juu yake katoni nne za misumari, huko stoo chini ya mabati ambako joto halitoki. Ilikaa wiki saba. Kila asubuhi nilikuwa nataka kuitazama, na kila asubuhi Jitendra alinipiga mkono. Haikunyooka yote. Inaenda juu na chini kama boda kwenye barabara mbovu, lakini sindano haitoki.

Jumamosi hii tuliipiga. Saksafoni imeharibika, dada. Kila noti ndefu inapanda na kushuka, inalia kama mlevi. Bogere wa watu umemmaliza, na gitaa nazo si nzuri. Lakini kitu kinachogongwa mara moja na kuacha hakina pa kupinda. Chupa iko vilevile. Iko upande wa kushoto, nyuma kidogo, kali, safi. Nilikuwa na miaka saba mara ya mwisho na sikuisikia, na ilikuwepo pale tangu mwanzo.

Sikuwa nimemwambia Jitendra chochote. Yeye alijua tu kwamba baba si mpiga saksafoni na kwamba sitaki kuulizwa. Alikuwa amefumba macho, kikombe tumboni, kama kawaida yake. Karibu na mwisho wa wimbo ile chupa inaanza kukimbia. Inawaacha wenzake. Unasikia ngoma inashtuka, gitaa zinaikimbilia, bendi nzima inalazimika kuongeza mwendo kumfuata mtu mmoja mwenye msumari. Jitendra akacheka bila kufumbua macho.

Akasema, "Huyu mtu ya chupa hana subira. Anakimbia tu. Kama wewe."

Niliinuka, nikairudisha sindano mwanzo.

Mdogo wako,
Otiende